Siku Shuka za Hoteli Nzima Zilipogeuka Pinki

Mabinti zangu mnaofanya kazi mahotelini siku hizi, nawasikia mkija kwangu kunywa chai mkilia: "Bi Zuhura, kazi imetuzidi, hatujui tuanzie wapi." Mashine inafua, mashine inakamua, mashine inakausha, kilichobaki ni kukunja, na bado imewazidi! Haya, siwacheki. Nami nimewahi kusimama mbele ya kazi nikahisi miguu si yangu. Siku hiyo nikiikumbuka, wallahi, mpaka leo mwili wanisisimka, na ni miaka ya themanini hiyo, wengine wenu hata mama zenu hawajaolewa.

Mimi kwetu ni visiwa vya kaskazini, lakini nilikulia Malindi, na kazi nilianzia Watamu kwenye hoteli moja ya ufukweni. Jina silitaji. Wenyewe waliiuza, na waliouziwa nao wakaiuza, kwa hivyo hata nikitaja mtamtukana asiyehusika. Niliandikwa dobini, yaani kule nyuma kunakofuliwa nguo zote za hoteli: shuka, foronya, mataulo, vitambaa vya meza. Wageni hawafiki huko. Ni banda la mabati, mabirika ya saruji ya kulowekea, na pipa kubwa la chuma lililokalia moto wa kuni, ambamo shuka zilichemshwa.

Mkuu wa dobini alikuwa Mzee Kahindi, Mgiriama wa Gede, mfupi, ugoro mkononi, mdomo mkali kama pilipili mwendakuzimu. Siku yangu ya kwanza alinipa shuka nikunje. Nikakunja, nikampa. Akaigeuza huku na huku, akaniuliza, "Mwanangu, hii ni shuka au mzigo wa kuni?" Akaikung'uta mbele ya watu. Nikatamani ardhi ipasuke. Kisha akanifunza taratibu: shika ncha mbili, mwenzio ncha mbili, vuteni kwanza mpaka pindo linyooke, ndipo mkutane. Shuka iliyovutwa vizuri ikiwa bado na unyevu, pasi yake ni ya kuigusa tu. Hilo mliweke akilini hata kama mna mashine.

Mengine alinifunza kwa matusi vilevile. Damu ni maji baridi, ukitia ya moto umelipika doa lako. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, sabuni haitoi povu. Kwa hivyo fua kwa hayo, lakini suuza ya mwisho iwe maji ya mvua ya tangini, la sivyo shuka nyeupe inakuwa ya kijivu kama jivu la mkaa. Buluu ya kung'arishia, kidogo. Kuna msichana aliwahi kuimimina kama anayetia tui, vitambaa vya meza vikatoka kama bendera. Mzee Kahindi akamwambia, "Sasa tafuta nchi ya kuvipeperusha."

Tulikuwa wanawake kadhaa pale, lakini wa pembeni yangu alikuwa Sidi. Huyu nataka mumjue vizuri. Alikuwa kijana, mjane. Mumewe alikuwa ameugua akafa mwaka wa nyuma, na wazee wa kwao mumewe, huko Ganze, walikwisha kaa wakakata neno: Sidi arithiwe na shemejiye, kaka wa marehemu, aitwaye Charo. Ndiyo desturi yao, na Charo hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na wake wawili tayari, na Sidi hakumtaka. Alipopata kazi ya hoteli, wazee wakasema basi, madamu anajitafutia, aachwe kwanza. Siku atakayokosa kazi arudi nyumbani, mambo yamalizwe. Na ili asisahau njia, walibaki na mwanawe wa pekee, Kache, mtoto ndiyo kwanza anaota meno. Sidi alikuwa akikunja foronya ndogo za vitanda vya watoto, unamwona anaishika kidogo zaidi kuliko inavyohitaji. Hasemi kitu. Hakuwa msemaji hata kidogo. Mbele ya mwanamume alitazama vidole vya miguu yake.

Sasa njooni kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa msimu wa wageni. Asubuhi kundi moja la Wataliano liliondoka, na lingine lingeshuka ndege Mombasa, liletwe kwa basi, lifike jioni. Vyumba vyote vilivuliwa shuka mara moja, na zikateremshwa dobini lundo juu ya lundo. Shuka za akiba zilikuwepo, ndiyo, lakini zilikuwa kwenye lori kutoka Mombasa pamoja na dawa ya kung'arishia, na lori lilikuwa limekwama foleni ya feri ya Kilifi. Nyinyi mnapita darajani mkila karanga. Sisi feri ikiharibika, hata maiti alingoja.

Juu ya hayo, pampu ya kisima ilikuwa imekufa. Mzee Kahindi akaamua tusipoteze maji: yale ya moto yaliyochemshia shuka za kwanza tuyafungulie bomba yashuke kwenye mabirika, tulowekee zilizobaki. Ilikuwa njia yetu ya siku zote pampu ikifa. Haikuwahi kutudhuru.

Lakini Sidi alikuwa amenunua doti ya leso mpya, yaani kanga mbili, kumpelekea dada yake aliyejifungua. Mwajua leso mpya: ina wanga, imekauka kama kadibodi, na rangi haijatulia. Mwanamke wa pwani hampi mzazi leso ngumu hivyo. Huirowesha kwanza ilainike. Sidi alipofika alfajiri akaona maji ya pipa yana uvuguvugu, moto ndiyo unashika. Akatumbukiza leso zake, azipe muda kidogo kisha azitoe. Mara akaitwa juu kwenda kuteremsha mataulo. Mzee Kahindi akaja, akachochea moto, akashindilia shuka juu yake bila kutazama, akamimina sabuni, akafunika. Zilipochemka bomba likafunguliwa, na kwa mvuke na povu lile hakuna aliyeona rangi ya maji yanayoshuka mabirikani.

Leso ilikuwa nyekundu. Nyekundu ya damu!

Mimi ndiye niliyefunua pipa. Mvuke ulipopungua nikaingiza mti, nikainua shuka ya juu. Nikafikiri macho yangu yana moshi. Nikayafuta kwa mkono. Nikainua ya pili. Ilikuwa rangi ya ufizi wa mtoto mchanga. Nikakimbilia birika la kwanza: pinki. La pili: pinki. La mwisho, pinki yenye michirizi, ambayo ni mbaya zaidi. Hoteli nzima! Subhanallah, nilipiga ukelele mpaka mpishi akatoka jikoni na kisu, akidhani nyoka.

Mzee Kahindi akaja akichechemea. Akaingiza mti chini ya pipa, akavuta, zikatoka leso mbili zikichuruzika, zimeng'ara utadhani zimefurahi. Hakuna aliyeuliza ni za nani. Sidi alikuwa amesimama mlangoni na kapu la mataulo, na kapu likamponyoka.

Nilitegemea Mzee atukane. Ningefurahi angetukana! Mtu yule aliyekuwa na neno kwa kila kosa la dunia aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, mikono baina ya magoti, akabaki kutazama birika. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Wenzangu wengine walianza kulia, mmoja akavua kabisa aproni akaitundika, kana kwamba kazi imekwisha na dunia imekwisha.

Meneja akaletwa. Alikuwa Mtaliano, Kiswahili chake kizuri, hasira zake nzuri zaidi. Alitazama, akawa mweupe, kisha mwekundu, kidogo tu alingane na shuka. Akapiga simu hoteli za jirani zote: zimejaa, hakuna wa kuazima. Akarudi, akasema pole pole, na upole ule ulitisha kuliko kelele: "Basi la wageni likifika, kila kitanda cha mgeni kiwe na shuka nyeupe. La sivyo mwenye vitambaa vile hafanyi kazi hapa tena."

Akaondoka. Sidi hakulia. Alishuka ukutani mpaka akakaa chini, akasema kwa sauti ndogo kama anayejisemea, "Leo Charo analeta madafu."

Ewe Mola! Mimi nilikuwa nimesahau. Charo ndiye aliyekuwa akiiletea hoteli madafu kwa baiskeli, na siku yake ilikuwa ileile. Angefika getini, askari wa getini hana siri, angehadithiwa yote kabla hajashusha dafu la kwanza. Na ndivyo ilivyokuwa. Haikupita muda askari akaja dobini mwenyewe, kachangamka, kutuambia: "Charo amesikia. Ameshusha madafu yote, amefunga gunia nyuma ya baiskeli Sidi apate pa kukalia. Anasema atangoja."

Nilimtazama Sidi. Nikaona mtu ameshakwenda Ganze, kilichobaki dobini ni mwili. Nikatazama mabirika. Ningemwambia nini? Kwamba Mungu ni mkubwa? Alijua. Shuka zenyewe ndizo zilizokuwa nyingi.

Basi mabinti zangu, sijui hata leo kilichompata Mzee Kahindi. Labda ni neno la askari. Aliinuka juu ya ndoo, akavuta ugoro, akapiga chafya mbili kubwa, akasema, "Nipeni foronya."

"Ipi, Mzee?"

"Yoyote! Ndogo. Foronya moja, na bakuli la maji baridi. Na mtu asianike chochote, msikie? Ikikauka hiyo rangi imeoa."

Nikampa. Akaisuuza kwenye maji baridi, akayamwaga, akasuuza tena. Pinki ikapungua kidogo, kidogo tu. Dawa ya kung'arisha hakuna, iko ferini. Akamtuma mtu kwa anayetunza bwawa la kuogelea, akaletewa klorini, ile ya chenga nyeupe. Akakoroga konzi nzima kwenye bakuli, akatumbukiza foronya. Ikawa nyeupe pe! Tukapiga vigelegele. Akaikamua, ikabaki mikononi vipande vipande kama mkate uliolowa.

"Haya," akasema, kana kwamba hakuna kilichotokea. "Nipeni foronya nyingine."

Safari hii alitia klorini kidogo ndani ya ndoo nzima, akakoroga mpaka chenga zote zikayeyuka, ndipo akaiingiza, na hakuiacha. Akawa anaigeuza na kuigeuza. Akaitoa mapema, akaisuuza kwa maji ya mvua. Akaivuta kwa nguvu zake zote. Haikuchanika. Akamwendea Sidi pale chini, akamtupia mapajani.

"Hiyo nyeupe au si nyeupe?"

Sidi akaitazama. "Nyeupe, baba."

"Basi amka. Nenda kairudishe kwenye kitanda chake, chumba cha kwanza. Ukirudi utanikuta na shuka yake."

"Na hizi zote nyingine?"

"Nimekuuliza habari za nyingine? Mimi nimekupa foronya!"

Akaenda. Mimi nilidhani mzee amerukwa na akili. Nani hupeleka foronya moja juu, na dobi nzima inaungua? Lakini Sidi aliporudi alikuwa anatembea kwa miguu yake, si kwa miguu ya maiti. Mzee akampa shuka, ncha mbili kwake, ncha mbili kwangu, tukavuta. Yale mambo ya kutundika aproni yakaisha. Wenzetu wakajiona wamesimama bure. Mmoja akachota maji kisimani kwa kamba, mwingine akashika ndoo. Hakuna aliyesema "tuanze".

Na Mzee hakuruhusu mtu kutazama mabirika. Nilipogeuza kichwa alinipiga na foronya mbichi shingoni: "Zuhura! Shuka iko mkononi mwako, wewe watafuta nini kule?" Kamba za kuanikia hazikutosha. Tukatandaza kwenye nyasi, kwenye viti vya kuotea jua, kwenye ua wa michongoma wa meneja mwenyewe. Mikono ilituungua kwa klorini, kucha zikalainika. Shuka ikishika jua upande mmoja, pasi. Ikitoka pasi ya moto, kitandani. Wapishi waliacha vitunguu wakaja kukamua. Hata yule askari mbea nikamwona anapanda ngazi na shuka begani, akijidai ni yeye aliyeokoa hoteli.

Kila nilipopita uwanjani nilimwona Charo getini kwa mbali, amekaa kwenye kivuli, baiskeli imeegemezwa, gunia limefungwa vizuri. Hakuwa na haraka. Nilimchukia kwa utulivu wake ule.

Alasiri simu ikaja mapokezi: basi limepewa nafasi, limevuka feri, lori bado liko foleni. Tulikuwa bado na birika lenye michirizi, lile baya. Sidi alinitazama, na mimi nikamtazama, kisha akashika ncha mbili za shuka iliyokuwa karibu naye, akanipa mbili. Tukavuta.

Niwaambie ukweli, zote hazikuwa nyeupe. Jozi ya mwisho ilikataa katakata, ikabaki na pinki ya aibu. Mzee Kahindi akaipeleka mwenyewe, akaitandika kitanda cha meneja. "Huyu hakusema chake kiwe cheupe," akasema. "Alisema vya wageni." Alikuwa na kiburi mzee yule, Mungu amrehemu.

Basi lilipoingia, meneja alikuwa anatoka vyumbani. Alikuwa amepita chumba baada ya chumba akifunua vitanda kama anayetafuta kunguni. Akashuka dobini. Tukajipanga pale, tumelowa, tunanuka bwawa la kuogelea. Akamgeukia Sidi.

"Kesho zamu ya asubuhi," akasema. "Na vitambaa vyako ufulie kwako."

Akaenda kupokea wageni wake. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia. Mzee Kahindi alirudi juu ya ndoo yake, akaketi, akalala hapohapo.

Sidi alifuta mikono, akatoka. Nikamfuata kwa nyuma, maana nilijua anakokwenda. Charo alipomwona akainuka, akaipangusa baiskeli vumbi.

"Haya, panda twende," akamwambia. Hakusema kwa ubaya. "Wazee wanangoja. Nimesikia yaliyokupata."

Sidi alikuwa akitazama vidole vya miguu yake, kama kawaida yake. Kisha nikaona kichwa kinainuka. Lo! Mimi niliyemjua tangu aandikwe kazi, nilikuwa sijawahi kuyaona macho yake mbele ya mwanamume.

"Kesho asubuhi nina zamu, shemeji," akasema.

"Na kesho kutwa?"

"Kesho kutwa nitakwambia kesho kutwa." Nikadhani amemaliza, na hayo tu yalinitosha kwa mwaka mzima. Akaongeza: "Na Jumapili nakuja kumchukua mwanangu."

Charo alinitazama mimi, kana kwamba nitamweleza huyu ni nani. Ningemwelezaje, na mimi nilikuwa namuuliza Mungu swali lilelile? Mwishowe alifungua lile gunia nyuma ya baiskeli, akalikunja, akaliweka kapuni, akaondoka kwa miguu akisukuma baiskeli.

Tukirudi dobini nikamshika mkono. "Sidi, hayo umeyatoa wapi?"

"Sijui, dada," akasema. "Nilikuwa na moja tu la kumwambia, la zamu. Lile la pili lilikuja lenyewe."

Jumapili alipanda basi la Ganze peke yake, na mimi sikulala. Jumatatu asubuhi nilipofungua mlango wa dobi nilikuta kuni zimeshawashwa, maji yanaanza kuchemka, na juu ya kapu la foronya amekaa Kache, anatafuna mkate, ananitazama.